Kioo Nusu, Koki Nusu

Mkaguzi wa bima alipokuja asubuhi na kuuliza ni nani hapa aliye "competent", wafanyakazi wote wa kiwanda cha kufulia waliinamisha vichwa wakaangalia viatu vyao. Hawakuwa na hatia yoyote. Hawakujua tu kama mtu competent hupandishwa cheo au hufukuzwa, na mtu mwenye familia hanyooshi mkono kwa neno asilolijua. Aliyewaokoa ni karani wa ofisini, mwanamke kijana mwenye mdomo mwepesi, aliyekisoma Kiingereza mpaka kikamkinai. Alimnyooshea kidole mume wa dada yake.

"Huyo hapo. Fundi Moto. Boila ni yake."

Mkaguzi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu, akatoa fomu, akamwambia aandike jina na kutia saini. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye watu walisema mengi, kuhusu meneja, kuhusu majivuno, hata kuhusu neno lenyewe. Mimi nasema karatasi ile ilikuwa na mstari mmoja, na chumba cha boila kilikuwa na wanaume wawili.

Fundi Moto alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza ndani ya chumba kile. Mfupi, kifua kipana, nyusi zimeungua mara nyingi mpaka zikakata tamaa ya kuota. Mwenzake aliitwa Miwani, na sababu yake ilionekana mtu akiwa bado mlangoni: mtu mrefu, mwembamba, mwenye vioo viwili vinene vilivyofungwa nyuma ya kichwa kwa kamba ya kiatu. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mvuke. Upande wa pili wa ukuta wanawake kumi na wanne walisimama kwenye mashine za pasi, wakinyoosha shuka za hospitali na za nyumba za wageni, na mvuke wote wa mashine hizo ulitoka kwa wanaume hao wawili. Aliyesimama karibu kabisa na ukuta alikuwa mke wa Fundi Moto. Pale alipachagua mwenyewe, kwa sababu asubuhi za baridi ukuta ule ulikuwa na joto zuri la mgongo.

Boila haina siri kubwa. Ni pipa nene la chuma lenye maji, na moto unapita tumboni mwake. Maji yakiwepo, unapata mvuke. Maji yakiisha na moto bado unawaka, chuma kinalainika, pipa zima hulipuka, na hapo tena usiulize. Zamani kulikuwa na kifaa cha kuzima moto chenyewe mambo yakiharibika. Kifaa hicho kilikufa mwaka juzi, nyaya zikaungwa kukikwepa ili kazi isisimame, na kipya kilikuwa njiani, kama meneja alivyosema kila mwezi. Meneja huyo alikuwa mtu mwenye mkono wa birika, na njia ya vipuri vyake ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo vilibaki viungo vya watu. Mbele ya boila kulikuwa na kioo cha maji, mrija mwembamba wa kioo unaoonyesha maji yako wapi, na juu yake geji ya nguvu ya mvuke, yenye mshale. Hiyo ilikuwa zamu ya macho ya Fundi Moto kutwa nzima. Nyuma kulikuwa na koki tatu, moja juu ya nyingine, za kupima maji hayo hayo kwa njia nyingine. Ukifungua koki hutoka wingu jeupe tu, liwe ni maji au ni mvuke, kwa maana maji ya boila yakitoka nje hulipuka kuwa mvuke papo hapo. Jicho halisaidii. Sikio ndilo linalojua: maji hutoka kwa mkoromo mzito, mvuke hutoka kwa mluzi mwembamba mkavu. Hiyo ilikuwa kazi ya Miwani.

Na walikuwa na desturi yao, ambayo hakuna aliyewafundisha. Kabla ya kuwasha moto, boila ikiwa bado ina mvuke wa jana, Miwani alisimama nyuma na Fundi Moto mbele, hawaonani.

"Kioo?" Miwani aliuliza.

"Nusu. Koki?"

"Nusu."

Ndipo moto uliwashwa. Mchana tena, na kabla ya kufunga tena. Kama kioo kilisema nusu na koki zikasema robo, moto haukuwashwa, hata meneja akipiga kelele mpaka sauti imkauke. Wanawake wa pasi waliisikia ibada hiyo kupitia tundu la ukutani linalopitisha bomba la mvuke, wakawa wanaitania: mmoja akimwuliza mwenzake "Chumvi?", mwenzake anajibu "Nusu."

Kitu ambacho hakuna aliyekijua, isipokuwa wao wawili na mke wa Fundi Moto, ni kwamba Fundi Moto alikuwa haisikii milio myembamba. Miaka ishirini na mitatu ya ngurumo ilikuwa imemla masikio. Sauti nene za watu alizipata vizuri, lakini ndege walikuwa wamenyamaza, simu ililia mfukoni hajui, na mluzi wa mvuke kwake ulikuwa kimya kabisa. Miwani naye, mle ndani, alikuwa kipofu wa muda. Akiingia tu, vioo vyake vinashika ukungu; akivifuta vinashika tena; akivivua, mkono wake mwenyewe hauoni vizuri. Kioo cha maji hajakisoma hata siku moja katika miaka kumi na minne. Hawakuwahi kulizungumza. Mmoja alikaa mbele, mmoja nyuma, basi.

Sasa turudi kwenye neno. Siku ile ya mkaguzi, wakati wa chai, Fundi Moto alimfuata karani pale kwenye benchi.

"Shemeji, umenitia kitanzi gani wewe?"

"Kitanzi? Nimekupa heshima, shemeji. Competent ni mtu anayeiweza kazi yake. Haibahatishi, habebwi."

"Yaani hodari."

"Hapana. Hodari imezidi. Hodari ni mtu wa kupigiwa makofi."

"Stadi basi. Bingwa."

"Shemeji, usijipandishe bei. Haisemi wewe ni bingwa. Inasema unatosha. Kazi ni hii, mtu ni huyu, anatosha."

Fundi Moto alinywa chai yake kidogo kidogo. Miaka ishirini na mitatu, nyusi zimeteketea, halafu anatosha tu? Lakini alivyozidi kulizungusha neno kichwani ndivyo lilivyozidi kumnogea. Watu wangapi anawafahamu ambao wanatosha? Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa mambo mengi na hakutosha hata kwa moja. Alipofika nyumbani jioni alimwambia mkewe kwamba serikali ya bima imemtambua kuwa yeye ni competent, na akalieleza neno kwa utuo, kama mtu anayefungua zawadi bila kutaka kuchana karatasi.

Likawa wimbo wa nyumba. Mlango wa choo usiofunga sawasawa haukuwa competent. Mvua ya dakika tano haikuwa competent. Jirani aliyenunua pikipiki akaanguka nayo mbele ya wakwe zake, huyo hata tusimseme. Siku moja aliionja chai ya mkewe, akafumba macho, akasema, "Hii ni competent."

"Ikitosha sema imetosha," mkewe akamjibu. "Mimi sikufanyiwa mtihani."

Karani alilia kwa kicheko aliposimuliwa. Hata Miwani alicheka, akasema kumbe miaka yote hii alikuwa anafanya kazi na mtu wa cheo. Kilikuwa kicheko kizuri. Ni vigumu kusema siku gani kiliharibika, ila mimi nadhani ni siku ya kufuli.

Wanawake wa pasi walikuwa na mazoea ya kuingia chumba cha boila kupasha vyakula vyao na kuanika soksi za watoto juu ya mabomba. Zamani Fundi Moto alikuwa akiwatania na kuwaacha. Sasa aliona haifai. Aliomba kufuli la ndani, lenye ufunguo mmoja, na akamwomba shemeji yake amchoree kibao cha mlangoni kwa Kiingereza, herufi kubwa nyekundu: COMPETENT PERSON ONLY. Meneja alikubali haraka, maana rangi ilikuwepo stoo. Fundi Moto alikipigilia kibao mwenyewe, misumari minne, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Miwani alikuwa amesimama pembeni na nyundo.

"Kinasema nini?" Miwani aliuliza.

"Kinasema aingie anayetosha tu."

"Sasa mimi niingie au nibaki?"

Walicheka wote wawili, lakini Miwani aliacha kwanza.

Wiki mbili baadaye meneja alishuka mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya ila kukiwa na kitu cha kupunguza. Alisimama mlangoni, akakisoma kibao, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Fundi, wewe si ndiye competent hapa?"

"Ndiyo, bosi."

"Sasa hebu nieleze. Watu wawili wa nini, kuangalia maji hayo hayo? Kule kwenye vikapu nina upungufu wa mtu."

Fundi Moto alimtazama Miwani. Miwani alikuwa amevua miwani yake, anaifuta kwa pindo la shati, na uso wake ulikuwa umemgeukia mwenzake ukingoja. Jibu lilikuwa fupi tu. Bosi, mluzi siusikii. Lakini hebu jiweke pale wewe: karatasi yenye jina lako imetundikwa ofisini, kibao chako kiko mlangoni kwa rangi nyekundu, mke wako anaamkiwa na wenzake "mke wa Competent", halafu useme wewe ni kiziwi?

"Ni sawa, bosi," alisema. "Nitaimudu."

Miwani alivaa miwani yake, akachukua koti lake kwenye msumari, akatoka. Tangu siku hiyo alibeba vikapu vya shuka mbichi kutoka kwenye mashine za kufulia hadi kwenye pasi, suruali imelowa hadi magotini, mgongo unamuuma. Kwa miaka mingi walikuwa wakirudi nyumbani pamoja. Sasa Miwani alipita njia ya nyuma, ambayo ni ndefu zaidi.

Fundi Moto alibaki na boila, na kwa mara ya kwanza akaiogopa. Kila asubuhi alijifungia, akasimama mbele, akajiuliza kwa sauti, "Kioo?", akajijibu, "Nusu." Kisha alizunguka nyuma, akafungua koki ya kati, wingu likatoka, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. "Koki?" Ngurumo za kiwanda, damu yake mwenyewe ikimdunda sikioni. "Nusu," alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimtia aibu. Upande wa pili wa ukuta wanawake walisikia mtu mmoja akijijibu, na utani wa "Chumvi? Nusu" ukaisha wenyewe, hakuna aliyeukataza.

Mwezi mzima ulikwenda hivyo. Daftari la boila liliandikwa "kawaida" kila siku, kwa mwandiko mzuri.

Halafu ikafika asubuhi ya Jumatano. Kioo kilisema nusu. Alizunguka nyuma, akafungua koki, wingu, akasema nusu, akawasha bana, ile pua ya chuma inayotema moto wa dizeli. Ikanguruma vizuri. Saa nzima ikapita. Alikuwa ameketi kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, macho kwenye kioo, akawa anahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa na hajui ni kitu gani. Kwanza alidhani ni njaa. Kisha pua yake ikapata harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya meza, harufu ya rangi inayoiva. Akakitazama kioo tena. Maji yalikuwa nusu kamili. Yalikuwa nusu kamili tangu asubuhi, hayajapanda wala kushuka hata unywele, na ndipo akaruka kutoka kwenye ndoo. Maji ya boila inayofanya kazi hayatulii. Hutetemeka, hupanda, hushuka, ndiyo namna yake ya kupumua. Yale yalikuwa yamesimama kama picha.

Alizima moto. Mkono wake ulikwenda kwenye bomba la kuingiza maji, akaurudisha kwa nguvu, kwa sababu maji baridi juu ya chuma kilichoungua ndiyo mwisho wenyewe. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na kupitia tundu la bomba alimsikia mke wake akicheka kwa sauti yake nene kitu alichosema mwenzake. Fundi Moto alisimama pale, jasho linamtoka, akisikiliza kicheko hicho kwa muda ambao hakuwahi kuupima.

Boila ilipopoa aliifungua. Njia ya chini ya kioo ilikuwa imeziba kwa chokaa. Kioo kilikuwa kimeshikilia maji ya jana, kikimwonyesha nusu, wakati tumboni hayakufika hata robo. Koki ya kati ilikuwa imempigia mluzi wa mvuke karibu kabisa na sikio lake, kadiri ilivyoweza, na hakuusikia. Aliuzibua mrija, akajaza maji, akamwambia meneja kwamba bana ilikuwa chafu. Katika daftari aliandika "kawaida".

Jioni ile hakula. Mkewe alikuwa amekwishaijua ile harufu ya rangi. Ilikuwa imepita tunduni.

"Ulisikiliza koki?" aliuliza.

"Nilisikiliza."

"Ulisikia nini?"

Fundi Moto alisugua nyusi zake zisizokuwepo. "Nilisikia kile nilichokwisha kukiona kwenye kioo."

Mkewe alisukuma kikombe cha chai pembeni. "Mume wangu, mimi nasimama pale siku nzima. Mgongo wangu uko kwenye ukuta wako. Umejikaza kisabuni vya kutosha. Kesho nenda kaseme."

Alikwenda ofisini kwa meneja, kabla ya kuwasha moto. Namsifu kwa hilo, kwa sababu si rahisi mtu mzima kubeba aibu yake mikononi akaenda kuiweka juu ya meza ya mtu mwingine. Karani alikuwa kwenye mashine yake ya chapa, akaacha kupiga alipomwona uso.

"Bosi," Fundi Moto alisema, "mimi peke yangu si competent."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaacha. "Unamaanisha nini? Umetia saini."

"Nilitia saini. Masikio yangu hayana kazi, bosi. Jana tulikuwa karibu sana. Mimi naona, Miwani anasikia. Tunatosha wawili. Mrudishe, na kwenye fomu tuandike majina yote mawili."

"Fomu ina mstari mmoja."

"Tuchore mwingine. Hata kwa kalamu ya risasi."

"Fomu ya bima haichorwi, fundi." Meneja alikuwa amebadilika rangi, na haikuwa kwa kuogopa boila. "Unajua unachosema? Unasema nimempa mkaguzi jina la mtu asiyeweza. Wakisikia hivyo wanatufunga leo." Alitembea hadi dirishani, akarudi. Kisha akamwambia karani amwite Miwani.

Miwani aliingia akidondosha maji sakafuni. Alisimama mbali na Fundi Moto.

"Wewe," meneja alisema, "boila unaiweza?"

Miwani aligeuza uso wake taratibu, vioo vyake vikamwangalia mwenzake wa miaka kumi na minne. Fundi Moto alimtikisia kichwa kidogo sana. Sema sote wawili, kichwa kile kilisema. Sema.

"Naiweza," Miwani alisema.

"Peke yako?"

"Si ndivyo inavyofanywa siku hizi?"

"Bosi, haoni mle ndani," Fundi Moto alisema. "Miwani yake inashika ukungu. Kioo hakioni, geji haioni. Niulize mimi."

"Nikuulize wewe?" Meneja alikuwa amekwisha kuichomoa karatasi kwenye fremu. "Wewe uliyeniambia mwezi mzima kwamba ni kawaida? Mwezi uliopita ulitosha, leo hutoshi, na mwenzako naye hatoshi. Huo ni wivu, fundi. Utakwenda meza ya kukunja shuka. Karani, piga fomu mpya."

Karani hakupiga mara moja. Alimtazama shemeji yake, vidole viko juu ya mashine. Kisha akapiga, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Fundi Moto alimkuta Miwani kwenye ujia, tayari ameshika ufunguo.

"Ndugu yangu, nisamehe. Nilikukosea. Lakini waambie huoni."

"Siku ile ulipoulizwa, wewe uliwaambia husikii?"

"Sikuwaambia."

"Basi." Miwani aliutazama ufunguo, akauzungusha. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimtisha Fundi Moto zaidi. "Mgongo wangu umekwisha kwa vile vikapu. Sirudi kule. Na mimi nitaimudu."

Karani alifanya alichoweza. Mchana alimpigia mkaguzi simu kwa siri, kutoka chooni. Mkaguzi alimjibu kwa adabu kwamba fomu mpya imefika kwa faksi, jina limejazwa, saini ipo, na hakuna tatizo. Atapita mwakani.

Kesho yake asubuhi Fundi Moto alisimama kwenye meza ya kukunja shuka, iliyoko ubavuni mwa pasi ya mke wake, kando ya ukuta. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kwenye mlango wa boila na kuusukuma. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alikisoma kibao chake mwenyewe, misumari yake mwenyewe minne, akagonga mpaka kiganja kikamwuma, na hakufunguliwa.

"Hamia meza ya mwisho kule," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Kwa leo tu. Sema kichwa kinakuuma na joto."

Mkewe aliwatazama wenzake, waliokuwa wanafunga vitambaa vichwani na kugombania chaki ya kuwekea alama. "Na hawa kumi na watatu?" aliuliza. "Nao niwaambie kichwa kinawauma?"

Fundi Moto aliinama kwenye tundu la bomba, akauweka mdomo pale.

"Koki?" aliita.

Kisha, kwa mbali, sauti ya Miwani, nzito, ya siku zote. "Nusu."

Hiyo aliiamini. Kama Miwani amesema amesikia nusu, basi ni nusu, kwa wakati huo. Lakini koki hufunguliwa mara tatu kwa siku, na maji hushuka kutwa, na mshale hupanda kutwa, na huko mbele ya boila ndoo yake iliyogeuzwa ilikuwa haina mtu mwenye macho. Alilowesha midomo yake.

"Kioo?"

Safari hii jibu lilichelewa. Wanawake wawili watatu waliacha mikono yao juu ya shuka wakasikiliza, kama zamani. Fundi Moto aliweza kuuona wakati ule mzima bila kuwepo: vioo vinavuliwa, vinafutwa kwa pindo la shati, vinavaliwa, vinashika ukungu tena. Alijua muda unaohitajika, na alijua unaishia wapi.

"Nusu," ukuta ukajibu.

Ilikuwa sauti ileile. Mwezi mzima yeye mwenyewe alikuwa akijijibu kwa sauti ileile, ya mtu anayesema jambo ili liishe. Mke wake alikuwa amemshika mkono wa shati.

"Ameona?" aliuliza.

"Amesema," Fundi Moto akajibu.

Bana ikanguruma upande wa pili, mabomba yakaanza kugonga kama kila siku, na wanawake wakavuta shuka za kwanza. Fundi Moto aliweka kiganja chake ukutani. Ukuta ulikuwa umeanza kupata joto.